Ukiondoa programu ya kusomea PDF, nyaraka zako hazipotei

Mwezi uliopita aliingia dukani kwetu mwalimu mstaafu, laptopu yake ameivingirisha kwenye kitenge. Tulimwamkia, akaitikia "Marahaba wanangu", kisha hakuzunguka: "Wameifunga hati yangu ya kiwanja."

Tukaiwasha. Alibofya faili la PDF la mauziano, lile aliloskaniwa zamani na kulitunza kwa uangalifu, na kikatokea kidirisha kikubwa katikati ya kioo: muda wa majaribio umekwisha, lipia kwa dola ili uendelee. Nyuma yake hati ilionekana kwa ukungu, muhuri wa serikali ya mtaa ukichungulia nusu. Alikuwa ameshamwomba kijana wake kadi ya benki.

Hati haikuwa imefungwa. Tulilibofya faili lilelile kwa kitufe cha kulia cha kipanya, tukachagua Open with, halafu Microsoft Edge, ambayo huja na Windows yenyewe. Ikafunguka yote, hadi saini za mashahidi. Mwalimu akasogeza miwani, akaisoma mipaka ya kiwanja kwa sauti, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, ndipo akavuta kiti akakaa.

Hofu ya mwalimu tunakutana nayo kila mara. Wateja wengi huamini kwamba programu inayofungua PDF ndiyo inayomiliki kilichomo, kwa hiyo wanaiacha hata kama inawasumbua, au wanalipia kitu wasichokihitaji. PDF ilibuniwa na Adobe mwaka 1993, lakini tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa, ISO 32000, na kampuni yoyote inaruhusiwa kutengeneza programu ya kuisoma. Programu hiyo ni miwani tu. Ukiivua, kitabu kinabaki mezani.

Kwenye kompyuta ya mwalimu tulikuta miwani minne. Mmoja ulikuwa Adobe Reader XI, uliokuja na kompyuta aliponunua kwa mtu, na toleo hilo halipati masasisho ya usalama tangu mwishoni mwa 2017. Wa pili uliingia pamoja na programu nyingine iliyopakuliwa mtandaoni. Kulikuwa na kiboksi kimeshawekewa alama ya vema, na anayebofya Next, Next, Next hawezi kukiona. Wa tatu aliuweka mjukuu ili kuunganisha vyeti vyake vya maombi ya kazi, na ndio huo uliokuwa ukidai dola. Wa nne ni Edge.

Huenda ukauliza zina ubaya gani zikikaa tu. Kwanza, baadhi yake hujiwasha kila unapowasha kompyuta, na kwenye mashine yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 utaona ikizorota. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Startup, utaona majina yake. La pili ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Faili la PDF linaweza kubeba amri za kompyuta ndani yake, na wahalifu hutafuta matundu kwenye programu za zamani ili amri hizo zifanye kazi. Programu isiyopata masasisho ni mlango usio na komeo, na kiambatanisho kimoja cha barua pepe kinatosha kuupita.

Kuziondoa si kazi kubwa, ila pitia mlango wake. Kufuta alama iliyo kwenye desktopu hakuondoi kitu, ni sawa na kung'oa kibao cha duka huku duka likiendelea kuuza. Kwenye Windows 11 fungua Settings, Apps, kisha Installed apps; kwenye Windows 10 sehemu hiyo inaitwa Apps & features. Tafuta jina, bofya Uninstall, subiri imalize, halafu zima na kuwasha upya.

Tafadhali usiingie Program Files ukafuta folda kwa mkono. Tumeletewa kompyuta kadhaa za namna hiyo. Folda imekwenda, lakini kumbukumbu za programu zimebaki ndani ya Windows, kwa hiyo haiondoki na hairudi. Ukijaribu kuiweka upya inakwambia tayari ipo. Kama programu inagoma kuondoka, angalia kwanza kama mtengenezaji wake ana kifaa chake cha kusafishia. Adobe wanacho, kinaitwa Acrobat Cleaner Tool, na hakina malipo. Zile programu za kusafisha kompyuta zinazojitangaza mtandaoni ziache, kwa sababu nyingi tunazoziona huku ndizo zinazotuletea kazi ya kuondoa.

Kabla ya kubofya Uninstall kuna mambo mawili ya kuhakikisha, na hapa watu huumia. Kama ulishaingiza kadi kwa ajili ya malipo ya kila mwezi, kuondoa programu hakusimamishi makato. Ingia kwanza kwenye akaunti yako ya programu hiyo, sitisha usajili, subiri barua pepe ya kuthibitisha. Jambo jingine ni kwamba baadhi ya programu huhifadhi nyaraka kwenye akaunti yao ya mtandaoni badala ya kompyuta yako. Fungua kila hati unayoijali, ihifadhi upya kwenye Documents au flashi, ndipo uendelee.

Ukishaondoa, huenda alama za mafaili yako zikageuka nyeupe. Usishtuke, Windows inauliza tu iyafungue kwa kutumia nini. Bofya kitufe cha kulia kwenye PDF yoyote, Open with, Choose another app, chagua unayoitaka, kisha Always.

Ibaki ipi? Kwa mtu anayesoma barua, risiti na vyeti, Edge au Chrome inatosha. Kwa kompyuta ya zamani iliyochoka huwa tunaweka SumatraPDF, ya bure, nyepesi mno na isiyo na matangazo. Lakini kama una mtoto anayeomba kibali cha kusoma Canada, usiondoe Adobe Acrobat Reader, toleo jipya la bure. Fomu kama IMM 1294, ile ya kuombea kibali hicho, zimetengenezwa kwa muundo uitwao XFA. Ukizifungua kwenye Edge au Chrome unapata ukurasa wenye maneno Please wait, na utasubiri hadi jioni. Si faili bovu wala si intaneti. Hatuwezi kumwambia kila mteja aondoe ileile, ndiyo maana huwa tunauliza kwanza unafanya kazi gani na kompyuta yako.

Mwalimu tulimwachia Edge peke yake, na nakala mbili za hati yake, moja kwenye flashi na nyingine ya karatasi.

Ukitaka tukufanyie, njoo na chaja, neno la siri la kompyuta, na flashi yenye nafasi. Tunaomba usiiache ukaondoka. Kaa pembeni yetu utuonyeshe hati unazozihitaji zaidi, tuzifungue moja moja mbele yako kabla na baada ya kuondoa chochote.