Ishushe moteri, yaya

Yaya, jambo sana. Najua masiku imepita mingi, hapa Bukavu tuko, hali unaijua, Mama Neema anakusalimia na batoto bako bien, ingine tutaongea siku rezo itakubali. Yenye inanisukuma kuandika ni ile foto ulituma kwa grupu, boti umeifunika na bashi, moteri imeinuliwa juu, na unasema ati imeisha kulala mupaka baridi ya Québec iishe. Haiyalala iyo!

Huku ziwani moteri inaweza kaa mwaka muzima pale Nguba, shida itakuwa kutu na bezi ba piesi, basi. Kwako kuko barafu. Maji ikiganda inavimba karibu 9 kwa 100 na chuma haiachiake nafasi, inapasuka tu. Na vile umeiinua, maji inabakia ndani. Ishushe isimame wima, imwage yote, na ikae vile vile.

Njo kisha uile ya chini, mafuta ya ile buati ya gia kule kwa helisi, ile panga inasukuma boti. Usingoje banza msimu mupya, badilisha sasa, juu kama maji ilipenya mule itaganda na utanunua buati nzima. Fungua visi ya chini, fungua ya juu, uangalie: ikitoka nyeusi hakuna neno, ikitoka rangi ya chai ya maziwa, joint, ule mupira wa kuzuia maji, imekufa. Mara mingi ni uzi wa kuvulia ulijizungusha nyuma ya helisi ukaikata, kwa hiyo helisi utoe tu. Uile mupya unaisukuma kutokea chini mupaka ionekane kwa tundu ya juu, ukiimwagia juu hewa inabakia.

Esansi tia ile dawa ya kuitunza, uwashe kidogo ifike kwa karbirateri. Lakini ndani ya pipa ya maji! Ukiiwasha kavu, ile turbine ya mupira yenye inavuta maji ya kupoza moteri inaungua palepale, unakumbuka shemeji aliiwasha vile, alitaka tu batu basikie sauti ya moteri… Bateri ingiza nyumbani ukiwa umeichaji, yenye haina moto njo inagandaka mbio.

Sasa niambie: moteri yako ni ya temps mbili (ya kuchanganya uile na esansi) ao ne? Barafu imeisha kuanza usiku? Pipa utapata wapi kwenye iyo immeuble? Ulishafungua ile visi ya chini ao uko unasoma tu ukicheka? Na turbine ya cheval 40 inauzwa ngapi kule, unaweza nitafutia moja mutu akikuja?