Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wetu wa shule, mwenyekiti wa bodi, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzangu, shikamooni. Karibu sana shuleni kwetu mheshimiwa, tumefurahi kwa kweli.

Historia tutaipitia haraka. Jengo la maabara unaloliona pale ni jasho la wazazi waliokaa hapa, kile kipindi cha agizo la Rais Kikwete kwamba kila shule ya kata iwe na maabara 3, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, watu wakachanga hela, wengine mchanga na mawe. Tunawashukuru sana. Sisi leo tumekuja kuongelea usalama wa mtoto anaeingia humo ndani kufanya praktiko.

Mwaka jana tukiwa kidato cha tatu tulikua tunafanya taitresheni, yaani kuchanganya asidi na kostiki soda kidogo kidogo mpaka zimalizane nguvu, asidi kwenye bureti na kostiki soda kwenye pipeti, zote ni mirija ya kioo ya kupimia. Wazazi hiyo kostiki soda mnaijua, ndo ile wamama wanaitumia kutengenezea sabuni. Sasa sisi hatuna vile vimpira vya kuvutia pipeti kwahiyo tunavuta kwa mdomo kama mrija wa soda, unaangalia mstari huku unavuta, ukichelewa kidogo tu imeshafika kwenye ulimi. Mwenzetu mmoja ikamfikia mdomoni, akashtuka akaitoa pipeti kwa nguvu, matone yakamrukia jicho la binti aliekua pembeni yake.

Mheshimiwa ile siku siwezi kuisahau. Mwalimu alipiga kelele maji, maji! tukakimbilia sinki, bomba halitoi. Ndoo ya akiba ilikua na maji kidogo ya chini yale tuliyosuuzia vyombo, hayafai hata kunawa mikono. Ikabidi tumshike mkono tumkimbize mpaka kwenye madumu ya jikoni, na yeye analia anasema jicho linawaka. Akamwagiwa maji dumu moja na nusu halafu ndo akapelekwa hospitali. Mungu mkubwa, binti huyo anaona mpaka leo na yupo hapa anatusikiliza.

Baadae mwalimu wetu wa kemia alitukalisha akatueleza, watu wengi wanaogopa asidi tu ila kwenye jicho kostiki inaweza kua mbaya zaidi maana yenyewe inaendelea kupenya ndani, ndo maana ukiishika vidole vinateleza, ni mafuta ya ngozi yako yanageuka sabuni. Dawa ya kwanza ni maji safi yanayotiririka, papo hapo, dakika 20 bila kuacha. Hesabu dakika 20 halafu angalia dumu.

Kuna mambo tumeyarekebisha wenyewe bila hela, na tunayasimamia. Hakuna kula wala kunywa maabara. Mwenye nywele ndefu anafunga, na dada zetu wanaovaa hijabu ncha zinaingizwa ndani ya koti zisielee juu ya moto. Testi tyubu ukiipasha moto mdomo wake usimwelekee mwenzio. Asidi kali unaimwaga kidogo kidogo kwenye maji, kamwe usimwage maji kwenye asidi, inachemka ghafla na kukurukia usoni. Pia tulikuta kemikali zimewekwa kwenye chupa za maji ya kunywa, zingine lebo imefutika kabisa, tukazitenga zote akakabidhiwa mwalimu, maana mtu ana kiu anakuta chupa ya maji, unadhani atafanyaje? Na namba ya zimamoto, 114, tumeiandika kwa rangi kubwa juu ya mlango.

Lakini maji hatuwezi kuyaandika ukutani. Mheshimiwa, kwa heshima zote tunaomba tenki la lita 2,000 na mabomba yake mpaka kwenye masinki, hilo ndo ombi letu la kwanza na hata ukitupa hilo peke yake tutashukuru. Ukijaliwa zaidi tunaomba vimpira vya pipeti 20, hivi ni vidogo na sio gharama kubwa ila vitatutoa kwenye kuvuta kwa mdomo, miwani ya kinga 40 maana tunayo 6 na darasa letu tupo 52 tunavaa kwa zamu, na mtungi wa kuzimia moto, uliopo mshale wake umeshuka kwenye nyekundu. Mchanga wa ndoo tumeshaujaza wenyewe.

Kidato cha nne tunaingia praktiko ya mtihani wa taifa mwaka huu huu, wakina dada na kaka wote unaowaona mistari ya mbele.

Ratiba inaonyesha ukitoka hapa unatembelea maabara. Binti aliepatwa na ile ajali ndie atakaekutembeza, ameomba mwenyewe. Tunaomba ukifika kwenye sinki la kwanza kulia ulifungue bomba kwa mkono wako.

Naomba kuwasilisha.