Risala ya Klabu ya Kikapu ya Vijana kwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Siku ya Kufunga Mashindano ya Mtaa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi wetu, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Afisa Michezo, viongozi wetu wa dini, walimu, wazazi na wachezaji, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali kuja licha ya majukumu mazito uliyonayo. Tulikutarajia saa nane na umefika saa tisa na nusu, nasi tunaliona hilo kuwa ni heshima kubwa, kwani mgeni rasmi wa mwaka juzi alituma mwakilishi, na mwakilishi wake akatuma salamu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu hii ilianza mwaka 2012 ikiwa na vijana tisa, mipira miwili na ringi moja ya nondo iliyochomelewa gereji. Leo ina wachezaji 64, wavulana 41 na wasichana 23. Mafanikio ni mengi mno kuyamaliza. Tumeshika nafasi ya tatu kimkoa kwa vijana chini ya miaka 16, katika mashindano yaliyoshirikisha timu nne. Mchezaji wetu mmoja aliitwa kwenye majaribio ya timu ya mkoa na akadumu siku tatu kabla ya mchujo. Tunaye mwamuzi aliyehudhuria kozi, na tunayo filimbi yake. Mengine tunayaacha kwa kuzingatia muda wako.

Kaulimbiu yetu mwaka huu ni "Kikapu ni Ajira". Kila mgeni rasmi anayesimama hapa humtaja Hasheem Thabeet, na ana haki. Mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeanza kikapu akiwa na miaka 15, akasoma Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika drafti ya NBA, yaani zoezi ambalo timu za ligi ya kulipwa ya Marekani huchagua wachezaji wapya kwa zamu, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Tunajivunia. Lakini wachezaji walio mbele yako leo wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka huo, kwa hiyo tunaomba ruhusa tuchukue mfano wa karibu zaidi na umri wao.

Khaman Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kampala. Alianza kushika mpira wa kikapu mwaka 2019 akiwa na miaka 13, na kufika uwanjani ilimbidi atembee karibu saa nzima. Kutoka Kampala alichukuliwa na Akademi ya NBA Afrika iliyoko Saly, Senegal. Akacheza Ligi ya Kikapu Afrika, ile BAL iliyoanzia Kigali mwaka 2021, na mwaka 2024 alivaa jezi ya City Oilers ya Kampala. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 17, alikuwa na timu ya Sudan Kusini kwenye Olimpiki ya Paris. Akaenda Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, Marekani, msimu mmoja tu. Tarehe 25 Juni 2025, kabla hajatimiza miaka 19, alichaguliwa wa 10 katika drafti ya NBA na sasa ni mchezaji wa Phoenix Suns.

Mheshimiwa, mwaka 2019 ndio mwaka ambao klabu hii iliahidiwa sakafu ya uwanja kwa mara ya kwanza. Kijana yule ameanza kudunda mpira, amepita Kampala, Senegal, Paris na North Carolina, na amesaini mkataba Phoenix. Sakafu yetu bado iko kwenye mchakato.

Hatusemi hivyo kwa ubaya. Tunasema kwa sababu ajira hii ina saa yake, na saa hiyo haisubiri vikao. Misingi ya miguu na mkono wa kutupia hujengwa kati ya miaka 12 na 15. Miaka 16 hadi 18 ndiyo akademi na vyuo hutazama. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine isipokuwa kwa sababu maalumu, na NBA haimwingizi kijana kwenye drafti kabla ya mwaka anaotimiza miaka 19. Kwa maana hiyo kazi kubwa ya kumtengeneza hufanyika nyumbani, kwenye uwanja wa mtaani kwake. Akipoteza miaka mitatu akisubiri zege, hakuna kocha wa kumrudishia.

Tunajua atatokea mtu wa kusema kwamba Sudan Kusini hawakuwa na uwanja wa kikapu wa ndani na bado walifika Olimpiki. Ni kweli, lakini wengi wa wachezaji wale walikulia nje ya nchi yao, Uganda, Kenya, Australia na Marekani, wakijifunzia kwenye sakafu za watu waliozijenga mapema. Sisi hatuna mpango wa kuwahamisha watoto 64.

Sasa tukuombe, Mheshimiwa, utazame chini, hapo ulipopita kukagua timu. Chini ya ringi ya kusini, ndani ya eneo la sekunde tatu, pale ambapo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde hizo, kuna sehemu iliyobanduka kama ukoko wa wali. Hiyo ndiyo ahadi ya mwaka 2019. Tuliahidiwa uwanja, ikaletwa mifuko 40 ya saruji, tukapiga makofi. Mifuko 40 ilitosha plasta ya sentimita 2 kwa nusu ya uwanja, nayo ikapigwa juu ya zege la zamani lenye vumbi, bila kulichimbua lishike na bila kulilowesha. Plasta nyembamba ya namna hiyo hukauka haraka, hujikunja pembeni na kuachana na zege. Masika ya kwanza maji yakaingia chini yake, na ukigonga kwa kisigino ukasikia mlio wa debe tupu. Masika ya pili ikaanza kutoka vipande.

Zege lenyewe la chini halikushindiliwa wala kuachiwa jointi, ile mikato ya kuliongoza lipasukie wapi, hivyo limejipasukia linakotaka, na upande wa kusini limezama sentimita 6. Matokeo yake, ringi ya kaskazini iko mita 3.05 kutoka chini, kama sheria inavyotaka, na ya kusini iko mita 3.11. Kwa mtazamaji ni kitu kidogo. Kwa mtoto anayetupa mitupo huru 100 kila jioni ni mikono miwili tofauti, na siku ya majaribio hajui atumie upi. Ubao nao ni wa plywood. Ukishanyeshewa huvimba na kulainika, mpira ukigonga unafia palepale. Kijana akizoea ubao huo, siku akikutana na ubao wa kioo mpira unaruka mbali asikotegemea, na kocha mgeni anaandika kwamba huyu hana mkono.

Mvua ikinyesha, maji hukaa siku mbili kwenye lile bonde, yanaacha ukoga unaoteleza. Vifundo vya miguu vinavyoteguka hapa, vingi huteguka mahali pamoja: mchezaji anashuka na ribaundi, yaani mpira uliokosa goli ukarudi, mguu mmoja unatua juu ya plasta iliyobaki na mwingine kwenye shimo. Zege jipya nalo ni gumu kwa magoti, hatukudanganyi. Lakini gumu lililo sawa mwili hulizoea, na kocha anaweza kupunguza mazoezi ya kuruka. Shimo halizoeleki. Na kuna hasara ambayo haionekani kwa daktari. Watafutaji vipaji siku hizi huomba video ya mchezo mzima, hawataki vipande vya magoli tu. Tukiwarekodi vijana wetu hapa, kila anayekimbilia ringi ya kusini anaonekana akipunguza mwendo hatua tatu kabla ya kuruka. Sisi tunajua anakwepa shimo. Anayetazama akiwa Saly anaona kijana mvivu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ahadi ya pili ilikuwa mwaka 2021. Tuliambiwa bajeti tuliyowasilisha imepitwa na wakati kwa sababu bei zimepanda, tuandae nyingine. Tuliandaa. Mwaka 2023 tukaambiwa ile nyingine haikuwa na mchoro. Mchoro upo, umebandikwa nyuma ya risala hii. Safari hii, ili tusipitwe tena na wakati, tumeandika vipimo na si shilingi; mfuko wa saruji una kilo 50 hata bei ikipanda.

Uwanja wa kikapu ni mita 28 kwa 15. Ukiongeza mita 2 za usalama kila upande unapata mita 32 kwa 19, yaani mita za mraba 608. Eneo hilo lipo, limeandikwa eneo la wazi kwenye ramani ya mtaa, na mtaro uliokuwa ukikata kona Serikali ya Mtaa imeshauhamisha, tunawashukuru sana. Zege la sentimita 10 kwa eneo hilo ni karibu mita za ujazo 61. Kwa uwiano wa ndoo moja ya saruji, moja na nusu ya mchanga na tatu za kokoto, tukihesabu na kinachopotea, inahitajika mifuko 510 ya saruji, mita za ujazo 28 za mchanga na 55 za kokoto, nailoni nyeusi ya kutandika chini, na nyavu 62 za chuma za BRC za mita 4.8 kwa 2.4. Utaona kwamba mifuko 40 haifiki hata sehemu ya kumi na mbili. Ndiyo maana tunaomba kwa unyenyekevu tusiletewe tena kidogo cha kuanzia. Kidogo cha kuanzia ndicho hicho ulichokanyaga.

Kazi yenyewe tumeshaipanga na mafundi. Zege la zamani livunjwe lote, na vipande vyake ndivyo vitakavyoshindiliwa chini pamoja na moramu. Mtelemko uwe sentimita 1 kwa kila mita, kutoka ubavu hadi ubavu wa uwanja na si kutoka goli hadi goli, ili maji yasafiri mita 19 badala ya 32. Nyavu zikae juu ya biskuti za zege, vile vipande vidogo vya kuinulia chuma, zisilale kwenye nailoni, maana chuma kilicholala chini hakisaidii kitu. Fundi asiongeze maji ili zege limtelezee vizuri. Maji yakizidi, uji wa saruji hupanda juu, na uji huo ndio baadaye huwa vumbi linalotelezesha viatu. Jointi zikatwe kila mita 3, kina cha sentimita 2.5, ndani ya siku moja. Zege lifunikwe magunia na kumwagiliwa siku saba, asubuhi, mchana na jioni, na rangi ya mistari isiguse sakafu kabla ya siku 28. Watoto wamegawana zamu za kumwagilia. Orodha ipo kwa nahodha wa wasichana, ambaye hana mchezo na anayechelewa.

Kuvunja, kubeba, kushindilia na kumwagilia ni juu yetu na wazazi. Mchanga tumeahidiwa na wenye malori wa mtaa, na tripu mbili zimeshamwagwa nyuma ya ofisi ya mtaa. Mwenye mashaka anaweza kwenda kuziona. Tunachokuomba wewe ni saruji, nyavu na kokoto, vyote kwa pamoja, vifike mwezi Juni masika yakiisha, ili hadi Septemba mistari iwe imepigwa. Hatuombi paa. Hatuombi taa. Jezi tulizonazo zinatosha, na mipira ya raba inastahimili. Ya ngozi hatuitaki kabisa kwa sasa, kwenye sakafu hii haimalizi mwezi.

Tunafahamu pia ushauri tuliowahi kupewa, kwamba tukope kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri na tunaupongeza. Lakini ule ni mkopo, hurejeshwa kutokana na faida ya biashara, na uwanja wa wazi wa watoto hauna kiingilio. Tusingependa kukopa tukijua hatutalipa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukimaliza hotuba yako utaombwa kusaini kitabu cha wageni. Utaona kurasa za waliokutangulia, wameandika maneno mazuri sana: "Hongereni", "Nimefurahishwa", "Tuko pamoja". Tumeongeza safu mbili kwa mkono, moja ya tarehe ya kuletwa vifaa na nyingine ya jina la mtumishi tutakayemfuata ofisini kwako. Kalamu ya zamani iliisha wino. Tumenunua mpya, iko juu ya kitabu.

Tunakutakia kazi njema na safari njema ya kurudi. Mchezo wa fainali unaanza mara tu utakaporusha mpira wa kwanza. Tunaomba uurushie kwenye ringi ya kaskazini.

Naomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na Kamati ya Utendaji ya Klabu, na kusomwa na Katibu.