Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ndama na Methani

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtazisikia kwa mweka hazina. Kuhusu ada, waliolipa wamelipa na wasiolipa wanajijua. Mimi nitazungumzia ndama, maana mkutano uliopita mliiagiza kamati itafute njia ya kupunguza zizini methani, gesi inayopasha dunia joto, na huko ndiko tulikofikia.

Wengi wetu tulianza kwa kumtazama ng'ombe anayekamuliwa, na si ajabu, ndiye anayebeua zaidi. Gesi hii hutengenezwa na vijidudu vya rumeni, yaani tumbo la kwanza, na karibu yote hutokea mdomoni na puani, si nyuma kama tunavyotaniwa. Kati ya asilimia 2 na 12 ya nishati ya malisho hupotea kwa njia hiyo.

Ndama hazaliwi akibeua methani. Rumeni yake ni changa, na maziwa anayonyonya hupita kwenye mfereji unaojikunja na kushuka hadi tumbo la nne. Vijidudu huanza kuhamia kwenye rumeni tangu siku za kwanza, navyo vikishazoea ni vigumu kuvigeuza. Ndiyo maana watafiti wanawawahi wangali wadogo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ndama waliopewa 3-NOP, kiungio cha malisho kinachozuia vijidudu kutengeneza methani, tangu kuzaliwa hadi wiki ya 14 waliendelea kutoa methani pungufu hata walipofikisha mwaka, ingawa kiungio kilikuwa kimesimamishwa zamani.

Habari hiyo iliwasisimua baadhi yenu, wakataka tuagize mara moja. Kamati ilikataa. Ndama waliopimwa walikuwa 18 tu, na Umoja wa Ulaya ulipokiruhusu kiungio hicho mwaka 2022 uliwataja ng'ombe wa maziwa na wa kuzalisha, si ndama wanaonyonya. Tusiwafanyie majaribio watoto wa mifugo wetu kwa pesa za chama.

Lililo mikononi mwetu ni ulishaji wenyewe. Mtamba anayezaa mara ya kwanza akiwa na miezi 36 badala ya 24 amekula na kubeua mwaka mzima zaidi bila kutoa hata lita moja. Mwaka huo hupotea mapema sana, kwenye kibanda cha ndama: dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, iliyocheleweshwa, ndoo ya maji iliyokauka, chakula cha kuanzia kilichoota ukungu kwa sababu hakuna aliyekimwaga cha jana. Nafaka ya chakula hicho ndiyo inayokuza ukuta wa rumeni. Maziwa peke yake hayafanyi kazi hiyo. Mpe kiganja kimoja kuanzia wiki ya kwanza, ubadilishe kila siku. Usimwachishe maziwa kwa kuhesabu wiki tu. Ngoja ale walau kilo moja ya chakula hicho kwa siku, siku tatu mfululizo. Nimeona ndama walioachishwa kabla ya hapo: manyoya yamesimama, tumbo limening'inia, na hata wakipona hawawafikii wenzao.

Kamati inaleta pendekezo moja. Kila mwanachama aandike uzito wa ndama jike anapozaliwa, anapoachishwa na anapopandishwa. Tepe za kupimia kifua, zinazokadiria uzito, ziko kwa katibu, za kuazima na kurudisha. Kura itapigwa kabla ya uchaguzi wa kamati mpya.