Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii

YAH: KUMBUKUMBU YA BARAFU YA KIBO, KILELE KIKUU CHA KILIMANJARO

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima kubwa nakuandikia, mimi mwongoza wageni ambaye riziki yangu ni kupanda na kushuka Mlima Kilimanjaro. Nina ombi moja.

Ukitoka Stella Point, kituo kilicho ukingoni mwa kreta (shimo la volkano), kuelekea kilele cha Uhuru, mkono wa kushoto ipo barafu ya Rebmann, na kulia, ndani ya kreta, yapo mabaki ya barafu ya Furtwängler. Nilipoanza kazi niliwaonyesha wageni ukuta wa barafu uliosimama wima kama umekatwa kwa shoka, wenye mistari myembamba ya vumbi. Siku hizi nawaonyesha vipande, na kati ya kipande na kipande ni mchanga mtupu. Mzee mmoja alipanda na picha aliyoipiga akiwa kijana. Aliitazama picha, akautazama mlima, akairudisha mfukoni bila kusema neno. Nami sikuwa na la kumwambia.

Wageni huniuliza mbona hawaoni maji yakitiririka. Kule juu kwa kawaida ni baridi chini ya sifuri. Jua kali likipiga ukuta ule katika hewa kavu, barafu hugeuka mvuke moja kwa moja. Theluji mpya nayo haitoshi kufidia, kwani hali ya hewa ya huku ilianza kukauka mwishoni mwa karne ya 19, na sasa dunia yenyewe inazidi kupata joto. Mwaka 1912 barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 hazikubaki hata 2. Mwaka 2022 UNESCO ilitahadharisha kuwa huenda barafu yote ya maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika ikatoweka kufikia 2050.

Sikuombi uirudishe, Mheshimiwa. Naomba iandikwe ingali ipo. Kila mwaka, mwezi uleule, vipigwe vigingi vyenye tarehe pale barafu inapoishia, picha zipigwe kutoka mahali palepale, na vipimo vibandikwe kwa Kiswahili kwenye malango ya Marangu na Machame. Wapagazi wazee wahojiwe sasa. Wanakumbuka barafu ilifika jiwe gani.

Langoni hapo paandikwe pia kwamba maji tunayokunywa huku chini hutoka zaidi kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu kuliko kwenye barafu. Wengi hawalijui hilo, na moto kama ule uliowaka mlimani Oktoba 2020 wanauona ni habari ya majani tu.

Kigingi cha kwanza niko tayari kukibeba mwenyewe, bila malipo, siku yoyote utakayoagiza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwongoza wageni, Mlima Kilimanjaro