Barua kwa vijana wa usaili: acheni kukariri majibu

Marahaba wanangu, salamu zenu nimezipata. Mzee wenu nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu, na sasa kila likitoka tangazo la usaili, iwe Sekretarieti ya Ajira iwe benki, naona mnavyohangaika kutumiana mapidiefu ya maswali ya nyuma, afu mtu anakesha anakariri la 7 ni B, la 8 ni D. Jamani hiyo siyo kujiandaa, mtunzi akibadili namba mbili tu umekwisha.

Chukua hili. Daftari na kalamu kwa pamoja shilingi 1,100, daftari limeizidi kalamu kwa 1,000, kalamu bei gani? Najua ushasema 100. Haya irudishe hiyo 100 kwenye swali: kalamu 100, basi daftari 1,100, jumla 1,200, pesa imezidi. Jibu ni 50. Swali lenyewe asili yake ni gongo la besiboli na mpira, profesa mmoja wa Marekani anaitwa Shane Frederick alilitoa kwenye utafiti wake wa 2005 pamoja na mengine mawili ya namna hiyo, na hata wanafunzi wa MIT, kile chuo kikuu cha Marekani, wale wanaotisha kwa hesabu, waliopata yote matatu hawakufika nusu. Kwahiyo ukinasa usijione mjinga, ila jua mtego unawekwa palepale jibu linapokuja haraka.

Lingine mnalolipenda: gari limeenda kwa spidi 60 likarudi njia ileile kwa 40, wastani? Wote mnaandika 50. Weka umbali wowote, mfano kilomita 120, kwenda saa 2, kurudi saa 3, jumla 240 kwa saa 5, unapata 48, maana kwenye spidi ndogo umekaa muda mrefu zaidi. Na bei ikipanda asilimia 20 afu ikashuka asilimia 20 hairudi ilikoanzia, jaribuni wenyewe na 100.

Sasa ya mantiki, hapa ndo nataka tukae kidogo. Chui, mbuzi na majani mnalijua toka utotoni, mtumbwi unabeba mtu na kimoja tu, chui asibaki na mbuzi, mbuzi asibaki na majani. Wazungu nao wanalo, kwao ni mbwamwitu, mbuzi na kabichi, limeandikwa kwa Kilatini zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Wengi wanavusha mbuzi, wanarudi, wanavusha chui, afu wanaganda, kwa sababu kichwani wamejiwekea kwamba kilichovuka hakirudi. Nani kasema? Swali halijakataza! Unarudi na mbuzi, unamwacha, unavusha majani, unarudi mtupu, unammalizia mbuzi, safari 7 basi. Ndo maana nawaambia ukipewa swali la mantiki andika pembeni ya karatasi yale yaliyokatazwa kweli, halafu angalia umeongeza nini cha kwako, mara nyingi kinachokukwamisha ni hicho cha kwako.

Mazoezi msifanye hamsini kwa siku, ni ushamba tu wa kujichosha. Fanya matatu, kwa kalamu bila kikokotoo, afu umweleze mwenzio hatua zote akubishie kweli kweli, ukishindwa kumjibu ujue bado. Siku yenyewe soma maelekezo kama kukosa kunakata maksi, kama hakukati usiache hata moja wazi, na swali likikugomea liruke utarudi, watu wanafia swali la tatu huku la ishirini lilikuwa jepesi.

Haya, hili lenu la leo, simu wekeni pembeni. Saa ya mishale inasoma saa tisa na robo kamili, pembe kati ya mshale mkubwa na mdogo ni nyuzi ngapi? Anayeniletea sifuri akauangalie tena ule mdogo.