Onyo la draiva halitibiwi kwa kuzimwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotunza maabara za kompyuta mashuleni hapa Uganda, kuanzia Arua hadi Mbarara. Imezuka tabia ya kuzima maonyo yote ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, kwa sababu tu yanajaza skrini. Skrini hutulia, lakini kifaa kibovu kinaendelea kuharibika na hakuna tena wa kukisemea.

Kerneli hupanga ujumbe kwa ngazi 8: 0 ni dharura, 3 ni kosa, 4 ni onyo, 7 ni ya mwandishi wa programu. Ujumbe wote huingia kwenye bafa moja ya duara, yaani sehemu ya kumbukumbu yenye ukubwa maalumu, ambayo mara nyingi ni KB 128 au 256. Ikijaa, ujumbe wa zamani hufutwa. Draiva moja, yaani programu inayoendesha kifaa, ikitoa mistari 10 kwa sekunde, yenye herufi 100 kila mmoja, bafa ya KB 128 hujaa kwa dakika 2 na kitu. Kosa la kusoma diski lililotokea asubuhi, dmesg, amri ya kusoma ujumbe wa kerneli, haitakuonyesha tena. Ndiyo maana kelele ni hatari.

Basi anza kwa kumtambua mpiga kelele. Andika dmesg --level=err,warn usome mwanzo wa mistari: jina la draiva na anwani ya kifaa viko hapo. Ukiona pcieport (draiva ya njia za PCIe zinazounganisha kadi) na habari za kosa lililosahihishwa, mawasiliano kati ya kadi na ubao mama yana hitilafu, ingawa data imeokolewa. Kwenye mashine zilizokwisha tumika, chanzo mara nyingi ni vumbi au kadi iliyolegea. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, toa kadi, safisha meno yake kwa spiriti ya isopropili, iache ikauke kabisa, kisha irudishe hadi ikae sawasawa. Kelele zikiendelea, sasisha BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha mashine), halafu jaribu kuwasha ukiipa kerneli agizo la pcie_aspm=off, kwani baadhi ya mashine hukosea zinapopunguza umeme wa kadi. Wengi hukimbilia kwanza agizo la pci=noaer, linalozima taarifa za makosa ya PCIe. Hiyo huficha hata makosa yasiyosahihishika, na mimi nisingeiweka kwenye seva yenye matokeo ya wanafunzi.

Anayetaka tu skrini yenye utulivu atumie dmesg -n 4. Ngazi 0 hadi 3 zitaendelea kuonekana, na maonyo yatabaki kwenye kumbukumbu.

Kwa vijana wetu wanaoandika draiva: onyo lisilobadilika liandikwe kwa dev_warn_once, litoke mara moja tu. Linaloweza kujirudia lipewe dev_warn_ratelimited, ambayo kwa kawaida hupitisha ujumbe 10 tu kila sekunde 5. Draiva inayosubiri kifaa kingine kiamke kwanza itumie dev_err_probe, maana kusubiri si kosa. Na jambo ambalo mtumiaji hawezi kulifanyia chochote liende dev_dbg, ile ngazi ya 7. Tena kelele hula muda: konsoli ya siriali (waya unaotoa ujumbe wa kerneli herufi moja moja) yenye kasi ya biti 115200 kwa sekunde hupitisha herufi 11,520 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mstari wa herufi 100 hula karibu milisekunde 9. Mistari mia ni takriban sekunde nzima, na huenda prosesa ikakwama humo ikisubiri.

Fundi wa mifumo,
Jinja